Hesabu Inayotaka Akili

JUMANNE

Soma Ufunuo 13:16–18 na 14:1, 12. Yohana anamtaka msomaji afanye nini na hesabu ya mnyama: aiogope, au atumie akili?

Muumini ananunua laini mpya ya simu, anakuta sita tatu zimefuatana, anairudisha dukani. Hofu kama hii imo makanisani, na wenye nayo ni watu wanaompenda Bwana. Lakini je, hilo ndilo Yohana aliloonya?

Wayunani wa siku zake hawakuwa na tarakimu tunazotumia leo. Zamani huko Athene namba nyingi ziliandikwa kwa herufi ya kwanza ya jina lake: delta ilikuwa kumi, kwa kuwa kumi huitwa deka. Utaratibu uliotumika siku za mitume ulikuwa mwingine: kila herufi ilikuwa pia namba. Alfa ilikuwa 1, beta 2, iota 10, ro 100. Herufi 24 hazikutosha, hivyo zikaongezwa tatu za kale kwa ajili ya 6, 90 na 900. Zikawa 27: tisa za mamoja, tisa za makumi, tisa za mamia.

Nakala moja ya Ufunuo ya karne ya 3, iliyoandikwa kwenye mafunjo na kuhifadhiwa Dublin, inaonyesha hesabu ya mnyama kwa herufi tatu: khi kwa 600, ksi kwa 60, na herufi ya kale kwa 6. Hazifanani. Macho ya msomaji yule hayakuona sita tatu zilizojipanga. Lakini kitabu kilisomwa kwa sauti kanisani (Ufunuo 1:3), na sikio lilisikia hexakosioi hexekonta hex: sita, sita, sita, bila kufika saba. Mwanadamu aliumbwa siku ya sita, kisha akaitwa kupumzika na Muumba wake siku ya saba (Mwanzo 1:26–2:3). Sita inayojirudia ni picha ya mwanadamu anayejitosheleza, asiyefika kwenye pumziko la Mungu.

Kwa kuwa herufi zilikuwa namba, kila jina lilikuwa na jumla yake. Kwenye ukuta mmoja huko Pompeii mtu aliandika kwamba anampenda mwanamke ambaye namba yake ni 545, jina akalificha. Anayemjua mwanamke huyo angeweza kuhakikisha jumla. Asiyemjua angebahatisha tu, maana majina mengi huweza kutoa jumla moja. Mwishoni mwa karne ya 2 Irenaeus, askofu wa Lyon, alitaja majina matatu yanayofikia 666, likiwemo Lateinos: 30+1+300+5+10+50+70+200. Hata hivyo alishauri kuungoja utimilifu wa unabii kuliko kukimbilia kutangaza jina.

Basi akili anayoitaka Yohana si ya kukagua laini za simu na namba za magari. Mara tu baada ya kutaja hesabu hiyo, anaonyesha kundi lenye jina la Baba katika vipaji vya nyuso zao. Swali ni moja: nani anaabudiwa? Mtu anaweza kukwepa kila sita maishani, kisha akaiuza Sabato ili asipoteze mshahara. Mwingine anaweza kubeba namba yenye sita tupu, naye ni mali ya Mwana-Kondoo. Saburi ya watakatifu hupimwa kwa amri za Mungu na imani ya Yesu, wala haipimwi kwa tarakimu.

Je, ni uamuzi gani juma hili, kazini au sokoni, utakaoonyesha wewe ni wa nani?

Kwa mjadala darasani: Mtamsaidiaje ndugu anayeishi kwa hofu ya namba, bila kumdharau na bila kuudharau unabii?