Tahasusi na Haki ya Elimu

Kijana wa Kihonda, Morogoro, anapochagua tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kidato cha tano kwa sababu tu udaktari wa mifugo pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) unadai baiolojia na kemia, je, anautendea haki ujuzi wenyewe? Mwaka 1967, katika andiko lake Elimu ya Kujitegemea, Nyerere alitaka shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika, si maandalizi ya sekondari. Naona hoja hiyo inafika hadi kidato cha sita: wasioingia chuo kikuu nao wameitumia miaka ile miwili ya ujana wao. Na mzazi anayejinyima ili alipe gharama za shule, hana haki ya kutarajia mwanawe afike chuo kikuu? Anayo, tena kubwa. Ila matarajio yake hayamfanyi asiyependa kemia aielewe, na HGL (historia, jiografia na Kiingereza) inayosomwa kwa hamu humfikisha mtu kwenye sheria, Chuo Kikuu Mzumbe, hapohapo Morogoro.