Wasafiri au Wakazi? Nasaha kwa Wanafunzi Wenye Watoto Ugenini

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba wake na wote wanaowafuata kwa wema hadi siku ya Kiyama. Amma baad.



Maneno haya niliyasema kwa ufupi baada ya sala ya Ijumaa hapa chuoni, na ndugu wahariri wakaniomba niyaandike. Yanawahusu hasa wale kati yetu waliovuka mpaka kuja kusoma hapa Kampala wakiwa na familia zao na watoto wadogo. Lakini hata wewe kijana ambaye bado hujaoa au hujaolewa, usifunge ukurasa. Sehemu ya mwisho ni yako.

Nilipotoka Tanga kuja kusoma shahada ya pili, nilikuja na mama watoto na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine hajatimiza mwaka. Tulipanda basi hadi Nairobi, kisha tukavukia Busia. Tukapanga chumba kimoja katika zile nyumba za safu ambazo wenyeji huita muzigo. Hapo nikafanya jambo ambalo leo naona haya kulisimulia. Kwa muda wa miezi miwili, kila nikisali peke yangu nilifupisha. Adhuhuri rakaa mbili, Alasiri rakaa mbili, na nikichelewa maktaba nazikusanya. Nilijiambia kuwa mimi ni msafiri, kwetu ni Tanga.

Siku moja mama watoto, akiwa anamwogesha mtoto, akaniuliza kwa upole: "Baba, hivi sisi hapa ni wasafiri au wakazi? Maana kwenye sala wewe ni msafiri, lakini kodi umelipa ya miezi sita."

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kumuuliza sheikh wetu, naye akanikumbusha jambo nililowahi kulisoma madrasa na kulisahau. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa Afrika Mashariki tunayafuata, mtu akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia wala ya kutoka, ruhusa ya msafiri inamwondokea. Anatimiza sala kama mwenyeji. Mimi nilikuwa nimenuia miaka miwili! Nikazirudia sala zile kama nilivyoelekezwa, na kumuomba Mwenyezi Mungu msamaha.

Lakini ndugu zangu, swali lile halikuishia kwenye sala. Nilipojipima nikaona kuwa nilikuwa msafiri katika kila kitu. Sikuwajua majirani. Sikuwa nimetafuta madrasa ya mtoto. Sikujua zahanati iko wapi. Hata pazia sikununua, nikisema, "Tutarudi tu." Mimi nilikuwa na chuo, marafiki, maktaba na darasa za msikitini. Mama watoto alikuwa na kuta nne, jiko la mkaa na watoto wawili, mahali ambapo hata sokoni hakuelewa lugha. Nilimleta ugenini, kisha mimi nikaondoka kila asubuhi na kumwacha huko ugenini peke yake.

Usiku mmoja mtoto mdogo akapandwa na homa kali. Nilisimama mlangoni na tochi ya simu nisijue pa kwenda. Jirani yetu, mama Mkristo ambaye kwa miezi miwili nilikuwa nampita kwa salamu ya haraka, alisikia kilio akatoka. Hakuuliza sisi ni kina nani. Alivaa viatu, akaita bodaboda anayemjua, akampakia mama watoto na mtoto pamoja naye, mimi nikawafuata kwa bodaboda nyingine. Mtoto alikutwa na malaria, akapewa dawa, na alhamdulillah akapona. Tuliporudi alfajiri, mama watoto akaanza kukunja nguo na kuzipanga kwenye begi. Akasema, "Nipe nauli nirudi kwa mama. Hapa mtu wa kuniita kwa jina ni mmoja, naye nimemjua jana usiku."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofungua tena habari za waliotutangulia.

Katika mwaka wa tano wa utume, mateso ya Makka yalipozidi, Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza maswahaba wake waende Habasha, kwa mfalme ambaye kwake mtu hadhulumiwi. Mfalme huyo, Najashi, alikuwa Mkristo. Walivuka Bahari ya Shamu kwa jahazi. Kundi la kwanza lilikuwa la watu wachache, wanaume kiasi cha kumi na kitu na wanawake wanne. Kundi lililofuata lilikuwa na wanaume zaidi ya 80, pamoja na wanawake na watoto. Baadhi yao walikaa huko zaidi ya miaka 10, wakarudi kwa Mtume (S.A.W.) katika mwaka wa saba wa Hijra, wakati wa Khaybar. Jaafar bin Abi Talib na mkewe Asma bint Umays (R.A.) walizaa watoto wao watatu huko huko: Abdullah, Muhammad na Awn. Tafakari. Watoto wale hawakuizoea Makka wala Madina. Walilelewa ugenini, na wakarudi wakiwa Waislamu. Haya hayakutokea kwa bahati. Wazazi wao walikaa Habasha kama wakazi, wakaulea Uislamu ndani ya nyumba zao.

Katika habari zao nimepata mafunzo manne.

Funzo la kwanza: aliyekufuata ugenini si mzigo wako. Asma (R.A.) aliporudi Madina, Sayyidna Umar (R.A.) alimwambia kuwa wao waliohamia Madina wamewatangulia katika Hijra, hivyo wana haki zaidi kwa Mtume (S.A.W.). Asma alikasirika. Akaeleza kuwa wakati wengine walikuwa na Mtume, mwenye njaa wao akilishwa naye na asiyejua akifundishwa naye, wao walikuwa katika nchi ya mbali, wakiudhiwa na kuogopa. Akaapa kuwa hatakula wala kunywa mpaka amfikishie Mtume (S.A.W.) maneno hayo. Na Mtume (S.A.W.) alimjibu kuwa Umar na wenzake wana Hijra moja, na wao watu wa jahazi wana Hijra mbili. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Ewe ndugu unayesoma, shahada itaandikwa jina lako peke yako, lakini kwa Mola wako mwenye kulea watoto wako ugenini ana hesabu yake kamili. Mkumbuke katika dua, na mkumbuke katika ratiba. Na wewe dada unayesoma huku mumeo amekufuata, maneno haya ni yako pia.

Funzo la pili: mjue jirani. Bi Umm Salama (R.A.), ambaye alikuwa miongoni mwa waliohama, ndiye aliyetuhifadhia kisa cha Habasha, na alimtaja Najashi kama jirani bora waliyepata kukaa naye. Waislamu wale hawakuiacha dini yao ili wapendwe. Jaafar alisimama mbele ya mfalme akaieleza bila kuificha. Lakini pia hawakujifungia. Waliutambua wema wa asiyekuwa Muislamu na wakausema wazi. Mimi nilijikinga na jirani kwa miezi miwili nikidhani nalinda dini ya watoto wangu, kumbe nilikuwa naivunja amri ya Mtume wangu kuhusu haki ya jirani. Siku ya pili baada ya homa ile, tulipika pilau tukampelekea. Alicheka, akasema alikuwa akinusa viungo vyetu tangu tulipohamia.

Funzo la tatu: usiogope lugha ya nchi, ogopa nyumba isiyo na dini. Mwanangu wa kwanza alijifunza Luganda uani kwa wenzake kabla mimi sijajifunza hata kusalimia. Ugali akauita posho. Siku moja nikampa ndizi, akaniambia, "Webale, taata." Nilimkemea: "Sema asante, baba!" Akanywea. Baadaye nikakutana na hadithi ya Umm Khalid (R.A.), iliyomo katika Bukhari. Huyu alikuwa binti wa Khalid bin Said, na alirudi kutoka Habasha akiwa bado mtoto. Mtume (S.A.W.) aliletewa nguo, ndani yake kukiwa na vazi dogo jeusi lenye mapambo. Akawauliza watu wanaona amvishe nani, wakanyamaza. Akaagiza aletewe Umm Khalid. Mtoto akaletwa amebebwa, Mtume (S.A.W.) akamvisha kwa mkono wake na kumuombea alivae mpaka lichakae. Kisha akawa anayaangalia yale mapambo na kumwambia kwamba hiyo ni sanah, neno ambalo kwa lugha ya Kihabeshi lina maana ya kitu kizuri.

Subhanallah! Mtume wa Mwenyezi Mungu, Mwarabu fasaha kuliko wote, alimfurahisha mtoto kwa neno la nchi aliyolelewa. Na mimi nilimkemea wangu kwa neno la shukrani! Nilimwita, nikamwambia, "Webale, mwanangu." Alicheka mpaka akaanguka mkekani.

Lakini tusidanganyane. Watoto wa Habasha walirudi na neno la Kihabeshi mdomoni na Uislamu moyoni kwa sababu nyumbani kulikuwa na wa kuwafundisha. Nabii Ibrahim (A.S.), alipomwacha mwanawe na mama yake katika bonde lisilo na mimea, jambo la kwanza alilomuomba Mola wake ni kuwa wasimamishe sala. Riziki ya matunda aliitaja baadaye. Tunalisoma hilo katika Surat Ibrahim, aya ya 37. Sisi kwetu tumeweka dakika ishirini baada ya Magharibi. Simu zinazimwa, tunasoma Juzuu Amma, sura moja fupi hadi ikae, na kisa kimoja kwa Kiswahili. Jumamosi na Jumapili mtoto anakwenda madrasa. Ni kidogo, lakini hatukosi. Na amali ipendwayo zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo.

Funzo la nne, na hili ndilo la jumuiya nzima, pamoja na vijana niliowaambia wasifunge ukurasa. Umm Habiba (R.A.) alikuwa Habasha na mumewe. Mume akaiacha dini, kisha akafa huko. Akabaki mama ugenini, mbali na kwao, na baba yake wakati huo alikuwa kiongozi wa maadui wa Waislamu. Mtume (S.A.W.) hakumsahau. Alituma kutoka Madina kumposa, na Najashi akasimamia ndoa ile na kutoa mahari. Mkono wa Umma ulivuka bahari kumfikia mwanamke mmoja. Je, mkono wa jumuiya yetu unafika vyumba vya nyuma ya chuo?

Nasema hili kwa sababu wiki ya kwanza mama watoto alikuja msikitini hapa. Mtoto akalia, na ndugu mmoja akamwambia kwa ukali awe anamwacha nyumbani. Nyumbani kwa nani? Hakurudi tena. Ndugu zangu, Mtume (S.A.W.) alisalisha watu huku amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu anamweka chini, akisimama anambeba. Na alikuwa akikusudia kurefusha sala, akisikia mtoto analia anaifupisha, kwa kumhurumia mama. Yeye alifupisha sala yake kwa ajili ya mama, sisi tunamfukuza mama kwa ajili ya sala yetu.

Basi naiomba jumuiya mambo matatu. Kila muhula unapoanza, tuwe na orodha ya familia mpya, na kina dada wawili wazitembelee katika wiki ya kwanza, wawaonyeshe soko, zahanati na madrasa. Pili, upande wa wanawake msikitini uwekwe mkeka wa watoto, na atakayekemea mtoto akumbushwe kwa upole habari ya Umama. Tatu, wakati wa mitihani familia zipokezane kulea watoto. Vijana mnaosoma bila familia, jioni moja ya kumsaidia ndugu yako kubeba jerikeni za maji au kumfundisha mtoto wake alifu, be, te ni sadaka, na haihitaji pesa.

Mtauliza lile begi liliishia wapi. Nilimwambia mama watoto kuwa nauli nitampa akitaka, ni haki yake. Lakini nikamuomba kwanza aniruhusu nijibu lile swali lake. Nikamwambia, "Tulikuwa wasafiri kwa kosa langu. Kuanzia leo sisi ni wakazi." Alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Basi kanunue pazia." Nilikwenda siku ile ile.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kusimamisha sala, sisi na kizazi chetu. Wape subira walio mbali na kwao kwa ajili ya elimu yenye manufaa. Walinde watoto wetu, wape afya na imani, na uwafanye kitulizo cha macho yetu. Walipe wema majirani waliotutendea wema, na uwaongoze. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.