Ndege ya Kale: Iruke au Isimame?

Wengi wetu tunapowapeleka watoto kuona tembo katika bustani ya wanyama ya Johannesburg, mlango wa jirani huupita tu. Hapo Saxonwold ndipo yalipo Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Vita, yaliyofunguliwa na Jenerali Smuts mwaka 1947. Ndani imesimama ndege ya Kijerumani, Messerschmitt Me 262 ya viti viwili, iliyoundwa kwa mapigano ya usiku. Waingereza waliiteka mwaka 1945, na miaka miwili baadaye ikaletwa huku. Ya aina hiyo duniani imebaki hii peke yake.

Swali letu ni hili: ndege kama hii ifufuliwe iruke, au iachwe ilivyo, na atakaye kuiona angani aunde mfano wake?

Wanaotaka irushwe wana hoja nzito. Ndege, wanasema, ni kuruka. Ikifungiwa ni kama ngoma isiyopigwa. Tena fundi hujifunza kwa kutengeneza. Hatuwabezi. Lakini tukumbuke yaliyoipata Spitfire namba 5518 ya Makumbusho ya Jeshi la Anga, Swartkop, Pretoria. Ilifufuliwa, ikaruka tena mwaka 1995. Aprili 2000 injini ilizimika, ikaanguka. Rubani, Mungu ashukuriwe, alinusurika. Ndege ikarudi mikononi mwa mafundi kwa miaka mingi. Spitfire zimebaki kadhaa duniani, hivyo hasara ile inavumilika. Hii ya Saxonwold ikianguka, hakuna nyingine.

Na hata isipoanguka, kuna gharama. Injini za asili za Me 262 zilidumu saa zipatazo 25, mara nyingi pungufu, kwa kuwa Ujerumani ya siku zile ilikosa madini ya kutosha ya kufanyia vyuma vinavyostahimili joto kali. Ili iruke salama, ingebidi tubadilishe injini, nyaya na mabati. Mwisho tungebaki na jina la kale juu ya ndege mpya. Huko Marekani walichagua njia nyingine: waliunda Me 262 mpya kwa kupima ya zamani, wakaitia injini za kisasa za General Electric, na ya kwanza ikaruka Desemba 2002. Hakuna aliyedanganywa.

Kwetu pwani jambo hili si geni. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi, ulitoweka baharini karne iliyopita. Mwaka 2003 mafundi walishona mwingine katika Beit al-Ajaib, Zanzibar. Hakuna aliyedai kuwa ndio ule wa mababu, lakini ushonaji ulirudi mikononi mwa watu. Kumbe mfano huhifadhi ujuzi. Chombo chenyewe huhifadhi kitu kingine: ushahidi.

Ushahidi gani? Sehemu za Me 262 ziliundwa na wafungwa wa kambi za mateso, wakiwemo wale wa mahandaki ya Gusen, Austria, ambako maelfu walikufa. Huenda ribiti mojawapo ya ndege ile ilipigwa na mtu mwenye njaa. Kuing'oa ili tupige makofi uwanjani ni kumnyamazisha shahidi.

Nasi tunaijua thamani ya shahidi. Wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la huyo huyo Smuts huko Afrika Mashariki mwaka 1916, wengi wao hawana kaburi lenye jina. Tuliyobakiziwa ni jina la Kariakoo.

Kwa hiyo rai yetu ni hii: zilizobaki nyingi, mwenye uwezo azifufue, iliyobaki peke yake isimame, na mfano uitwe mfano. Tunajua watoto wetu hawatausikia mngurumo wake. Lakini siku mkienda kuwaona tembo, ingieni na mlango wa pili. Msiwasimulie watoto mbio za ndege ile tu. Waambieni pia ni mikono ya nani iliyoiunda.