Katavi si adhabu

Mwalimu mpya ameripoti Kabungu, mkoani Katavi, wiki hii. Ajira ya kwanza, kijana ambaye hata ndevu hazijakaa sawa. Ametoka Moshi kwa basi, akalala Tabora, akaingia Mpanda usiku, na asubuhi akapanda bodaboda mpaka kwetu, begi moja limelazwa juu ya tangi mbele ya dereva, jingine mgongoni. Jirani yangu, mama mtu mzima mwenye vyumba viwili vya kupangisha, ndiye aliyempokea, nami nikaenda kusaidia kushusha mizigo. Kulikuwa na neti mbili, sufuria, kiroba cha mchele kilo kumi, chumvi ya mawe imefungwa kwenye kitambaa, na kichupa cha mafuta ya upako kimeviringishwa ndani ya soksi kisivunjike. Chumvi na mafuta alipewa na mama yake. Chumvi ya kumwaga kizingitini kabla hajalala usiku wa kwanza, mafuta ya kupaka kwenye fremu za madirisha. Alitueleza mwenyewe bila kuficha, kwa sauti ya mtu aliyechoka na safari na ambaye ameanza kuona haya.

Mizigo haijaisha, simu ikaita. Mikono yake imejaa, akaiweka spika. Mama yake. Umefika? Umekula? Kisha sauti ikashuka: "Hao watu wanaonekanaje?"

Jirani yangu alikuwa amesimama palepale na ndoo ya maji ya mgeni kuoga. Uso haukubadilika. Akasogea karibu na simu, akasema, "Mama, habari za Moshi? Mtoto amefika salama. Amefika kwa watu." Upande wa pili kukawa kimya, halafu zikaja shukrani mfululizo, na mama wawili wasioonana wakaanza kuulizana hali za watoto. Asubuhi yake ndipo jirani alipokiona kile kiroba. "Mwanangu," akamwambia, "mchele umeubeba toka Moshi? Huu wetu wa Mpimbwe tumpe nani?"

Nimekaa na jambo hili wiki nzima na halitaki kuniachia. Yule mama simlaumu. Mzazi anayempeleka mwanawe asikokujua humfungia chochote anachodhani kitamlinda, na mimi ningefanya hivyo. Ninachouliza ni nani aliyemwambia. Hajawahi kufika Katavi, wala hana ndugu huku. Lakini alijua, na alijua kwa hakika kamili, kwamba ukanda huu wote kuanzia Sumbawanga ni wa wachawi, kwamba radi hutumwa kwa mtu hata kiangazi, kwamba usile kwa jirani wala usimgombeze mtoto wa mtu.

Hayo aliyapata tunakopata wote. Kila Mtanzania anatembea na orodha yake. Mchaga na pesa, Mpare na ubahili na kesi mahakamani, Mhaya na majivuno, Mkurya na panga, Mgogo na kuomba, Mpemba na uganga, Tanga na mapenzi, Kigoma mwisho wa reli. Dar es Salaam imerahisisha zaidi: kuna Dar, na kuna "mikoani". Mtu aliyesoma nasi shule moja, aliyekula nasi ugali wa bweni, akishakaa mjini miaka michache anakuuliza kwa moyo mweupe kama huku kwenu simba wanapita uani.

Najua nitakachojibiwa. Acha hizo, ni utani tu, na utani ndio uliotujenga. Bila utani tungekuwa tumeshashikana mashati kama majirani zetu.

Utani nauheshimu, na ndiyo maana sikubali jina lake litumike hapa. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, na wajukuu zao leo ni watani. Wanyamwezi waliokuwa wakishuka pwani na misafara walitaniana na Wazaramo kwa sababu walikutana njiani, wakalala nyumba moja, wakahitajiana. Na utani una taratibu zake. Mtani anakuja msibani kwako. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, anazuia jeneza mpaka alipwe, watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayeshinda jikoni, anayechimba kaburi, na siku ya msiba wake wewe utakwenda kumlipizia. Yupo mbele yako, mnajuana, na zamu yako ya kujibu ipo. Sasa niambieni, mtani wa Katavi ni nani? Anayetucheka akiwa Sinza amewahi kuja kuzika hapa Kabungu? Sisi tunamjibia wapi? Kinachosemwa juu ya mtu asiyekuwapo, na watu wasiomjua, hakiwezi kuitwa utani. Ni dharau, na tuiite hivyo.

Wala si sisi peke yetu. Huko Marekani mtu wa Mississippi au West Virginia akifungua mdomo, lafudhi yake tu inatosha wenzake wa miji mikubwa wamwone mjinga na maskini. Na sisi huku, tusiofika hata uwanja wa ndege wa kule, Texas tunaijua kwa kofia na bastola za filamu, wakati Houston, mji mkubwa kuliko yote wa jimbo hilo, ndiko safari za wanaanga wao zinakoongozwa. Hata hivyo Mississippi ina maseneta wawili Washington, sawasawa na California yenye watu wengi kuliko majimbo yote. Ikidharauliwa, ina mahali pa kusimama ikajibu.

Sisi dharau yetu ina mizizi ofisini, na hapa ndipo ninapokereka zaidi. Taifa hili lilijitahidi. Mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kumuuliza mtu kabila lake. Watoto wa Mara walipelekwa shule Songea, wa Songea wakaenda Tabora, wakakutana tena JKT. Matunda yake tunayaona. Lakini mwaka huohuo wa 1963 Serikali ilipotaka kumnyamazisha Victor Mkello, rais wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, ilimwondoa Dar es Salaam ikampeleka kukaa Sumbawanga. Fikiria maana yake kwa mkazi wa Sumbawanga. Mji wake, wenye soko lake na kanisa lake na watoto wake, umetumika kama kifungo cha mtu mwingine. Ufipa ikawa mahali pa kutupwa, na Mpanda, iliyo mbele zaidi ya hapo kwa mtu anayetokea Mbeya, nani angeiona vingine?

Mpanda yenyewe imehamahama bila kusogea. Ilikuwa Tabora, mwaka 1974 ikawekwa Rukwa, na Machi 2012 ikawa Katavi. Bibi wa hapa Kabungu anaweza kuwa amezaliwa Tabora, ameolewa Rukwa na kuzeekea Katavi, na jiko lake ni lilelile. Hata reli ya kutoka Kaliua, iliyojengwa miaka ya mwisho ya 1940, ilifuata madini ya risasi ya Mukwamba. Haikuja kuchukua watu. Risasi ilipoacha kuwa na faida, mgodi ukafungwa, na treni ikabaki kuwa kitu cha kungojwa.

Na bado watu wanakuja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 katika mkoa huu. Ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Mnakokuita mwisho wa dunia ndiko mamia ya elfu ya Watanzania walikoamua kuja kuishi ndani ya miaka kumi. Wasukuma wamekuja na ng'ombe wao, Waha na majembe, vijana wa kila mkoa wamefuata dhahabu. Wote wamekuta ardhi na wenyeji wanaowaambia karibu, Wabende, Watongwe, Wapimbwe, Wakonongo. Kabla ya wageni hawa walikuja waliokimbia. Mwese iliwapokea Wanyarwanda miaka ya 1960. Katumba na Mishamo ziliwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, wakafyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku wakatulisha. Mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000 wa makazi hayo mawili na Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania. Vijiji vinane vya wilaya yetu ya Tanganyika leo vinauza hewa ya ukaa ya misitu ya Ntakata, na fedha zake zinajenga madarasa na zahanati. Haya kwenye orodha za watu sijawahi kuyasikia.

Ila niwe mkweli na kwa wenzangu wa huku. Kijana aliyezaliwa Katumba, mwenye kitambulisho cha taifa mfukoni, akipishana kauli na mtu sokoni Mpanda, neno la kwanza analotupiwa ni "mkimbizi". Msukuma akionekana na mifugo, kila mti uliokatwa ni wake. Tunayolalamika kufanyiwa na Dar tunawafanyia watu tunaonunua kwao karanga. Hatuwezi kudai heshima kutoka mbali huku tunainyima nyumba ya tatu.

Wapo watakaonijibu kwa takwimu, na hao wana hoja. Watasema utafiti wa taifa wa afya wa 2015–16 ulikuta Katavi inaongoza nchi nzima kwa mimba za utotoni, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Hilo ni kweli, linatuumiza, na hakuna mzazi wa huku asiyemjua binti mmojawapo. Lakini angalia namba hiyo inavyopokelewa mbali. Mtu anatikisa kichwa, anasema, "Ndivyo walivyo." Akishasema hivyo amemaliza. Anayeamini kuwa hayo ni maumbile yetu hatauliza shule ya sekondari iko kilomita ngapi kutoka kwa binti huyo, bweni liko wapi, au mwalimu wa kike aliyepangiwa hapa aliondoka baada ya miezi mingapi na kwa nini. Mwalimu anayefika amefungasha chumvi ya kujikinga na sisi, anayehesabu siku za kuomba uhamisho kabla hajajua majina ya wanafunzi wake, hataweza kumzuia binti yeyote asiache shule. Dharau inamwondoa mwalimu, mwalimu akiondoka tatizo linakua, na tatizo likikua dharau inapata ushahidi.

Wanaosema huku hakukaliki wamsome Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa na wafanyabiashara wa watumwa akiwa mtoto, akakombolewa na mapadri waliovaa kanzu nyeupe, akasomeshwa udaktari Malta. Mwaka 1889 akafika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, ndani ya wilaya hii ninayoandikia. Hapakuwa na barabara, wala reli, wala simu ya mama. Akaoa binti wa huku, akatibu Wabende na Wafipa na yeyote aliyeletwa kwa machela, mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67. Mtu huyo hakuzaliwa Katavi wala Tanzania, wala lugha yetu hakuikuta kwao. Alikuta wagonjwa, akakaa.

Sasa niseme linaloniuma kuliko kejeli zote za mitandaoni na vichekesho vya redio. Ni ile kauli ya viongozi ambayo sote tumeisikia jukwaani, wanapomkaripia mtumishi mzembe: nitakuhamishia pembezoni ukakione cha moto. Watu hupiga makofi. Mimi huwa najiuliza mwananchi wa huko pembezoni anapoisikia redioni anafikiri nini. Daktari asiyefaa kumtibu mtoto wa mjini ameonekana anafaa kumtibu wa kwangu. Mwalimu aliyeshindikana Dar es Salaam ndiye zawadi yetu. Na kijana mzuri, mwenye bidii, akipangiwa huku, ndugu zake wanamwuliza amemkosea nani.

Basi naomba, na naomba nikiwa na maana ya kila neno. Mkimkamata mtumishi anayeiba dawa, mpelekeni mahakamani. Mkimpata mwalimu anayewaharibu wanafunzi, mfukuzeni kazi na mumshtaki. Msimlete Kabungu, kwa sababu watoto wa Kabungu nao ni watoto. Lakini mkiwa naye mwalimu wa hesabu anayependa kazi yake, au mkunga mwenye mikono mizuri, huyo tunamtaka. Mpangieni huku, mlipeni posho yake kwa wakati, mwambieni mama yake kwamba mchele upo na chumba kipo.