Mafundisho Mema Yanapofanywa Amri

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Basi, msomaji, nakuuliza: mafundisho yakiwa mema, yahitaji askari wa kuyatembeza?

Tutazame mfano wa nchi yetu. Mwaka 1978 Rais Jomo Kenyatta alifariki, na Daniel arap Moi akashika mahali pake. Aliahidi kufuata nyayo za aliyemtangulia, na neno hilo "Nyayo" likawa jina la mafundisho ya serikali, yenye nguzo tatu: amani, upendo na umoja. Ni nani awezaye kuyachukia mambo hayo? Hapa Longisa, waulize wazazi waliokuwa shuleni siku zile. Watakusimulia juu ya maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa bure katika shule za msingi mwaka 1979. Hiyo ndiyo faida ya mafundisho kushikwa na dola: hupata mkono mrefu wa kutenda mema.

Lakini mkono huohuo waweza kupiga. Mwaka 1982 sheria ilikifanya KANU kuwa chama pekee nchini, na "umoja" ukapata maana nyingine: aliyeikosoa serikali alihesabiwa kuwa adui wa umoja. Kule Nairobi jumba refu lilipewa jina la Nyayo, na katika vyumba vyake vya chini raia waliteswa kwa ajili ya fikira zao. Jina la upendo likawa jina la mahali pa mateso.

Usidhani jambo hili ni la Kenya peke yake. Katika China ya kale, Confucius alikuwa mwalimu aliyetangatanga akitafuta mtawala wa kumsikiliza. Alikufa mwaka 479 K.K. bila kumpata. Zaidi ya miaka 300 baadaye, Mfalme Wu wa ukoo wa Han aliyafanya mafundisho yake kuwa elimu ya dola, na mwaka 124 K.K. kikaanzishwa chuo cha kuwafunza watumishi wa serikali. Mengzi, mfuasi mashuhuri wa Confucius, alikuwa amefundisha kwamba raia ni muhimu kuliko mfalme. Je, wafalme walilipenda neno hilo? Mwaka 1394 Mfalme Hongwu aliamuru vifungu zaidi ya 80 viondolewe katika kitabu cha Mengzi.

Ukienda Kericho utaona jinsi mchai unavyopogolewa. Ukiachwa, huwa mti mrefu. Mkulima huukata ili ubaki kimo cha mkono wake. Ndivyo mtawala afanyavyo mafundisho: huyaacha matawi yanayomfaa, akayakata yanayompita kimo.

Je, taifa liishi bila mafundisho? La, hasha. Nyumba isiyo na nguzo haisimami. Ila kipimo ni hiki: mafundisho hayo yamfunga pia yule anayeyatangaza? Kifungu cha 10 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 chataja maadili ya taifa, na chasema kwamba yawafunga watumishi wote wa serikali pamoja na kila mtu. Maneno hayo ni mema. Lakini hata "upendo" lilikuwa neno jema. Kwa hiyo, kijana, utakapofundishwa kukariri neno zuri, likariri, kisha uulize: mkubwa naye analitii? Siku utakapokatazwa kuuliza hivyo, ujue kwamba mti umekwisha kukatwa.