Karibu kwa macho tu?



Mwaka 1877, huko Marseille, Ufaransa, mwanaastronomia Édouard Stephan aligundua kundi la galaksi tano zinazoonekana zimesongamana. Leo tunajua nne tu ndizo ziko pamoja, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 290. Ya tano, NGC 7320, iko milioni 40 tu. Imeangukia kwenye mstari mmoja nazo, basi.

Sasa angalieni. NGC 7320 haijaguswa na hizo nne. Lakini NGC 7319, ambayo ni ya kundi kweli, imevutwa na jirani zake mpaka ikatoa mkia mrefu. Na ndani ya mkia huo zimezaliwa nyota mpya!

Najiuliza, nawe jiulize: katika jumuiya yetu, mimi ni ipi? Kwaya nipo, picha nipo, ila shida ya mwenzangu imewahi kunivuta? Paulo aliwahimiza Wagalatia wachukuliane mizigo. Wiki hii mtafute yule ambaye siku hizi haonekani. Mpigie. Ikibidi, nenda kwake.