Kiingereza na Kichina kwa mtoto mdogo: Bibi yake tumemweka wapi?

Wiki kadhaa zilizopita, baada ya swala ya Isha, mzazi mmoja ambaye mwanawe namfundisha alinifuata nje ya msikiti. Tulipokwisha salimiana akaniambia: "Ustaadh, huyu mdogo nataka aanze Kiingereza na Kichina pamoja, angali na miaka mitatu. Nyumbani nimeshapiga marufuku lugha nyingine. Si tumeambiwa tutafute elimu hata China?"

Nilimwambia kwanza kwamba yale maneno ya China wanazuoni wa Hadithi wameyahesabu kuwa dhaifu, basi tusiyabebeshe mzigo huo. Wala hatuyahitaji. Inatosha kwamba Mtume (s.a.w) alimwagiza Zaid bin Thabit (r.a) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amsomee na kumwandikia barua, naye akayajua kwa muda mfupi. Kwa hiyo hakuna wa kutuambia kuwa kujifunza lugha ya wengine ni kosa. Swali langu lilikuwa jingine: hiyo marufuku ya nyumbani inamfunga mdomo nani?

Niliuliza hivyo kwa sababu ya jambo nililoliona. Mwaka 2013 nilikuwa nasoma Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu Malaysia. Mwenzangu mmoja, Mchina wa Singapore aliyesilimu, alinichukua likizo kwao, tukapanda basi kutoka Kuala Lumpur. Nyumbani kwa kaka yake palikuwa na mtoto wa miaka mitano, anayesoma shule ya awali ya Kiingereza na Kimandarini. Aliniimbia kwa Kiingereza, akamgeukia baba yake akasema naye Kimandarini bila kukwama. Nilistaajabu.

Kisha akaingia bibi yake, akaketi, akamshika mtoto mkono, akamweleza jambo kwa Kihokkien, lugha yake ya kuzaliwa. Mtoto akamtazama baba yake ili amfasirie. Bibi akangoja. Baba akafasiri, mtoto akajibu, baba akafasiri tena. Wote hao ni Wachina, wa damu moja, wanaishi nyumba moja. Mtoto alikuwa na lugha mbili kubwa za dunia, lakini hakuwa na ya kuzungumza na aliyemlea baba yake.

Hayo hayakutokea kwa bahati mbaya. Wachina wengi wa Singapore walizungumza Kihokkien, Kiteochew, Kikantoni na nyinginezo, ambazo msemaji wa Kimandarini hazielewi akizisikia. Mwaka 1979 Waziri Mkuu Lee Kuan Yew alizindua kampeni ya kuwataka Wachina wote wazungumze Kimandarini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vipindi vya lugha zile vikaondolewa kwenye televisheni na redio. Kufikia 1987 Kiingereza kilikuwa lugha kuu ya kufundishia katika shule za taifa, na lugha ya mama, kama serikali ilivyoiainisha, ikawa somo. Kwa Mchina maana yake ilikuwa Kimandarini, hata kama mama yake hakuwahi kukizungumza.

Tuseme kweli: hoja zilikuwepo. Makundi ya Wachina yalihitaji lugha ya kuelewana, na nchi ndogo isiyo na mali ardhini ilihitaji lugha ya biashara. Matunda ya uchumi yanaonekana. Lakini tazama hesabu ya pili. Sensa ya 2010 ilikuta asilimia 14.3 ya wakazi wa miaka mitano na zaidi ndio wanaotumia zaidi lahaja hizo za Kichina nyumbani. Mwaka 2020 wakabaki asilimia 8.7. Na Kimandarini chenyewe, ambacho bibi alinyamazishwa kwa ajili yake? Kimeshuka kutoka asilimia 35.6 hadi 29.9, huku Kiingereza kikipanda kutoka 32.3 hadi 48.3. Nyumba iliyozoeshwa kuacha lugha moja kwa ajili ya manufaa haioni tabu kuacha ya pili. Mwaka 2009 Lee mwenyewe alikiri kwamba ufundishaji wa Kimandarini ulianza vibaya, na mwaka 2011 ukaanzishwa mfuko wenye jina lake wa kusaidia watoto wa shule za awali kujifunza lugha mbili.

Wako wanaoogopa kuwa lugha mbili zitamchanganya mtoto. Hapana. Mtoto mdogo anazimudu, na kuchanganya maneno si ugonjwa. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walitoa utafiti juu ya watoto wa miezi tisa waliokuwa wakisikia Kiingereza tu. Waliochezeshwa na wasemaji wa Kimandarini ana kwa ana, vikao 12, waliweza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliopewa maneno yale yale kwa video au kwa kanda ya sauti hawakuambulia kitu. Lugha, ndugu msomaji, inapita kwa mtu: kwa anayempakata mtoto, anayemlisha, anayemcheka.

Kama ndivyo, basi bibi ni shule isiyo na ada, na sisi ndio tunaoifunga. Mtoto ni amana, lakini amana hii ina wenye haki wengine. Tumeamrishwa kuunga undugu, nao unaungwa kwa kauli kabla ya pesa za matumizi. Mzazi ana haki ya kumwongezea mwanawe lugha kumi. Haki ya kumkata ulimi na mama yake mzazi ameipata wapi?

Na mimi si msafi. Mama yangu ni Msambaa wa Lushoto. Kiswahili anakijua, lakini mwaka jana alipougulia kwangu, homa ilimrudisha kwenye Kisambaa. Usiku aliomba maji. Binti yangu wa miaka minne, ambaye kwa Kiingereza anahesabu hadi mia moja, alikuja mbio chumbani: "Baba, bibi anasema nini?" Nilimpelekea maji mama yangu nikiwa na aibu. Kule Singapore serikali ilipiga kampeni. Nyumbani kwangu kampeni niliipiga mwenyewe, kwa kunyamaza tu.

Kwa hiyo nilimwambia yule mzazi: mpeleke mtoto akasome Kiingereza, na Kichina kama waalimu wapo, maana ndimi tofauti zimetajwa katika Surat Ar-Rum kuwa ni ishara za Mwenyezi Mungu. Lakini hiyo marufuku iondoe leo, na likizo ijayo mpeleke kwa bibi yake akakae wiki nne. Mimi wangu ameshakwenda.

Wallahu a'lam.